Aliyezima Injini

Kapteni Akulina Gotovtseva alitoka kibarazani na chupa tatu za kioo, akazipanga ukingoni, akarudi ndani mbio. Kipimajoto cha ukutani kilisoma hamsini na tatu chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo mtu hasimami nje kutafakari. Anatafakari ndani, karibu na jiko.

Chupa ya kwanza ilikuwa na dizeli iliyotolewa kwenye tangi la lori la marehemu Nikifor Atlasov. Ya pili ilitoka ghala la mafuta la karakana. Ya tatu ilikuwa dizeli ya kiangazi, ile ya trekta za kukatia majani, na hiyo aliiweka makusudi ili awe na cha kulinganishia.

"Mpelelezi akianza kugandisha mafuta," alisema mzee Terenty, "ujue washukiwa wamemwishia."

"Wewe koroga yako."

Terenty alikuwa dereva wa kituo cha polisi cha Bes-Tumul tangu siku za baba yake Akulina, ambaye naye alikuwa dereva. Sasa alikuwa ameinama jikoni akikoroga ndoo ya oili kwa kijiti. Kila jioni aliimwaga oili ya gari la polisi kabla haijapoa, akaiingiza ndani. Kila asubuhi akaipasha moto hadi ikawa nyepesi kama chai. Betri nayo ililala kando ya kitanda chake, juu ya blanketi lililokunjwa, na mkewe alikwisha kuuliza hadharani ndoa ile ni ya watu wangapi. Lakini injini kuukuu ya dizeli haidanganywi. Ukiikosea heshima jioni, asubuhi haikujui.

Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa hati ya mashtaka, imeandikwa yote, imebaki sahihi tu. Ilisema kwamba Spiridon Sleptsov, dereva, umri miaka hamsini na minne, alimsimamisha mwenzake Nikifor kwenye barabara ya barafu, kilomita ya ishirini na tatu kutoka kijijini, wakagombana, akaizima injini ya lori la mwenzake kwa mkono, akaondoka zake na kumwacha afe kwa baridi. Mwendesha mashtaka wa wilaya aliisoma kwa redio ya polisi neno kwa neno, kama mwalimu anayesoma imla. Gari la wilaya lingefika saa tisa alasiri kumchukua Spiridon, ambaye kwa sasa alikuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa komeo. Kosa lile lilikuwa na kifungo cha miaka kumi na mitano, na kwa umri wake hakuna aliyetegemea kumwona akirudi.

Karatasi ya pili ilikuwa tupu. Akulina alikuwa na muda hadi saa tisa kuijaza, kama ingekuwa na cha kujazwa.

Yelizar Vinokurov, mkuu wa karakana, aliingia bila kubisha, ukungu mweupe ukimfuata miguuni. Nyusi zake zilikuwa zimeota barafu. Kijiji kizima kilikuwa kikinong'ona kwamba Nikifor ameuawa na mafuta mabovu, na ufunguo wa ghala la mafuta ulikaa mfukoni mwa Yelizar.

"Habari za asubuhi, Kapteni. Nasikia unapima mafuta yangu."

"Nzuri. Usivue kofia, twende tukayaone."

Walitoka kibarazani. Akulina aliinamisha chupa ya tatu. Hakikutoka kitu, dizeli ya kiangazi ilikuwa imeganda nyeupe kama samli. Akainamisha ya pili, ikamwagika. Akainamisha ya kwanza, ile ya lori la marehemu, nayo ikamwagika vilevile, safi, haina hata utando.

Yelizar alishusha mabega. "Si nilisema? Mafuta yangu hayana neno."

"Hayana. Aliyekuwa akiyasingizia atakuomba radhi. Sasa ingia uniambie ulichokisikia siku ile walipokuwa wakipakia."

"Nimekwisha kukuambia mara tatu."

"Ya nne itakuwa fupi."

Walikaa. Yelizar aliikamata bilauri ya chai kwa mikono yote miwili. "Nikifor aliniletea barua. Anataka Spiridon atolewe barabarani, macho yake yamekwisha. Mimi nikamwambia Spiridon, maana mtu ana haki ya kujua anachosemwa. Akawaka moto. Akamfuata Nikifor mbele ya watu kumi: 'Leo ukikwama nitakupita kama kisiki.' Maneno hayohayo. Miaka kumi na tisa wanaendesha pamoja, Kapteni, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ulimpeleka kupimwa macho?"

"Nani, Spiridon? Yule anaijua barabara ile hata akiwa usingizini. Nikifor alikuwa anazeeka vibaya tu, basi. Barua nimekupa iwe kielelezo. Sababu ya kuua ndiyo hiyo."

"Jioni ile Spiridon alipofika, lori aliliweka wapi?"

"Nje. Likakesha likinguruma. Ndani ya karakana nafasi ya moto, ya kulaza lori penye joto, ni moja, na ilikuwa tupu, lakini hakuingia. Mwenye hatia hukwepa taa."

"Ile nafasi ilikuwa zamu ya nani?"

Yelizar alifikiri. "Wanapeana. Wiki ile ilikuwa ya Nikifor."

Akulina alichukua kalamu, akaandika maneno mawili kwenye daftari lake, akamshukuru kwa kuja.

Nje, Terenty alikuwa amelala chali juu ya gunia chini ya gari la polisi, akilipasha tumbo kwa taa ya pampu yenye ulimi wa moto wa buluu. Alipotosheka alitoka, akaleta oili ya moto akaimimina, kisha akaja na betri ameikumbatia kifuani ndani ya koti. Stata ililia mara moja, kwa uchungu. Mara ya pili ililia kidogo zaidi.

"Amka, bibi," Terenty aliibembeleza. "Amka mama, watu wanakutazama."

Mara ya tatu injini ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Terenty alisubiri mlio utulie ndipo akafunga boneti na kuizungushia blanketi.

"Nyumbani nina jiko na ndoo, naweza kuzima," alisema. "Huko tuendako sizimi, hata uniamuru kwa maandishi."

"Sijakuamuru bado."

Walifika kilomita ya ishirini na tatu saa tano, mwanga ukiwa umepanda juu ya miti. Mara ya kwanza Akulina alifika hapo gizani, juzi, kuuchukua mwili. Spiridon mwenyewe ndiye aliyeugundua, mchana, akaja kijijini kutoa habari. Mtu wa kwanza kugundua maiti ndiye mtu wa kwanza kushukiwa. Hivyo ndivyo wilaya inavyofundisha.

Lori la Nikifor lilikuwa pembeni ya njia, uso umeelekea kijijini, jeupe kwa barafu kuanzia magurudumu hadi paa. Ubavuni palikuwa na majivu ya magurudumu mawili ya akiba. Ndipo alipokutwa ameketi.

Akulina alipanda ngazi ya dereva na kuangalia ndani. Kishikio cha kuzimia injini kilikuwa kimevutwa hadi mwisho.

"Haikufa yenyewe," alisema. "Imezimwa."

"Hilo hata hati inalijua," Terenty alijibu kutoka chini. "Ndiyo maana inasema Spiridon alikivuta. Dereva gani atajizimia mwenyewe huku?"

"Angalia mlango wa abiria."

Terenty alizunguka. "Barafu yake haijavunjwa. Haukufunguliwa."

"Basi kama ni Spiridon, aliingia kwa mlango huu huu, akapita juu ya magoti ya Nikifor. Halafu tazama kioo."

Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimeteremshwa chote. Terenty alisema huenda polisi walikishusha. Akulina alimwonyesha picha aliyopiga juzi kwa mwanga wa tochi, kabla mtu hajagusa kitu. Kioo kilikuwa hivyohivyo, na kiti kimefunikwa na chembe za barafu.

"Mzee, umeendesha miaka arobaini. Uko njiani, hamsini chini ya sifuri. Kitu gani kitakufanya ushushe kioo na kuzima injini?"

"Wazimu."

"Na kingine?"

Terenty alitoa mfukoni kipande cha samaki mbichi aliyeganda, akachonga kwa kisu utepe mwembamba, akautia mdomoni, akautafuna hadi ukaisha.

"Baba yako aliwahi kufanya hivyo," alisema. "Mwenzake alikuwa nyuma, na taa zake hazionekani. Dizeli hizi zina kelele, ukiwa ndani husikii hata mawazo yako. Lakini ukizima, kwa baridi hii, lori lililo kilomita nane unalisikia kama liko nyuma ya nyumba. Akazima, akashusha kioo, akasikiliza."

"Hakuogopa kwamba haitawaka?"

"Aogope nini, na ana mtu nyuma? Ikikataa, mwenzake anamfunga kamba, anamvuta mita mia, inashika. Peke yako hutazima. Ukiwa na mtu unaweza."

Akulina alitoa picha nyingine, ya marehemu. Nikifor alikuwa ameketi kando ya majivu, mikono imeingizwa mikononi mwa koti. Masikio ya kofia yake yalikuwa juu, yamefungwa utosini. Msaidizi wa Akulina kituoni alikuwa ameandika pembeni: *kofia imevurugika, dalili ya mapigano.* Akulina aliisogeza picha karibu na macho. Kamba zilikuwa zimefungwa fundo zuri la kipepeo, na ndewe zote mbili zilikuwa nyeusi kwa kuungua na baridi. Aliona aibu kwa niaba ya msaidizi wake, na kidogo kwa niaba yake mwenyewe, maana aliipitisha sentensi ile bila kuisoma mara mbili.

"Alikuwa anasikiliza," alisema. "Hadi mwisho."

Walikwenda kutazama mbele ya lori. Akulina alifagia barafu nyembamba kwa mkono wa koti, na chini yake ikatokea kamba ya kuvutia, imefungwa kwenye bampa. Juzi gizani waliikanyaga wakidhani ni kamba ya mzigo. Ilikuwa imetandikwa moja kwa moja kuelekea kijijini, hatua nane, na kitanzi kiko tayari mwishoni. Chini ya injini palikuwa na masizi mapya. Taa ya pampu ilikuwa imewekwa pale kwa muda mrefu. Injini ilipashwa vizuri. Ilikosa wa kuivuta.

"Mtu aliyegombana akaachwa hatandiki kamba," Akulina alisema.

"Anatandika anayemsikia mwenzake anakuja."

Hatua ishirini nyuma ya lori, katikati ya njia, walikuta ndoo. Kila dereva wa barabara ile anajua maana yake: aliyekwama huweka ndoo njiani nyuma yake, na anayekuja anasimama, awe ndugu au adui. Hii ilikuwa imepondwa bapa kama chapati. Juu ya bati yalibaki meno ya gurudumu, na kati ya meno alama ya kiraka cha pembe tatu. Akulina alikuwa na picha ya kiraka hicho. Kilikuwa kwenye gurudumu la nyuma, kushoto, la lori la Spiridon.

Terenty aliitazama ndoo kwa muda. Mzaha wote ulikuwa umemtoka.

"Basi alimpita kweli," alisema. "Alivyoapa. Miaka kumi na tisa. Afadhali angemchoma kisu, Akulina, kisu kina hasira yake. Hiki hakina jina."

"Hakuna alama ya breki. Hata ya kusitasita."

"Ndiyo nasema. Mpe gari la wilaya. Mimi mwenyewe nitamfungulia mlango."

"Ngoja kwanza. Amempita mwenzake, anajua atakufa. Anafika kijijini. Nafasi ya moto iko tupu. Anaingia?"

"Anaingia. Mwenye nafasi haji tena."

"Hakuingia. Alilala garini nje, injini ikinguruma, akala dizeli ya usiku kucha, nafasi ikabaki tupu hadi asubuhi. Alikuwa amemwekea nani?"

Terenty aliigeukia ndoo tena.

"Alikuwa anamngoja," Akulina aliendelea. "Hajui kwamba amempita. Nikifor amezima, amesikiliza, amelisikia lori linakuja, ametulia. Anajaribu kuwasha, stata inamaliza betri, taa zinakufa. Si neno, mtu anakuja. Anaweka ndoo, anarudi mbele, anatandika kamba. Lori lake limekuwa jeupe, njia nyeupe, ukungu wa barafu mweupe."

"Lakini ndoo, binti! Hata mimi na miwani yangu ya kamba ningeiona ndoo. Iko katikati ya njia!"

Akulina aliitoa barua ya Nikifor ndani ya daftari. Ilikuwa mistari minne kwa mwandiko wa mtu asiyezoea kuandika. *Mkuu, Spiridon atolewe barabarani. Macho yake yamekwisha. Kwangu hatasikia, nimejaribu. Mtafutie kazi ya karakanani, ni fundi mzuri.*

"Tumeisoma sote kama sababu ya kuua," alisema. "Hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma kama barua."

Walirudi kijijini. Terenty aliendesha polepole kuliko kawaida yake, na kila baada ya muda alitazama kwenye kioo cha pembeni ingawa nyuma yao hapakuwa na gari.

Saa nane na nusu Akulina aliliondoa komeo la chumba cha nyuma, akamleta Spiridon mezani. Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, uso uliochomwa na baridi ya miaka mingi. Alihisi joto la jiko kwa kiganja, kwa mbali, akalipita, akaupata mgongo wa kiti, akaketi. Mtu angesema amechoka tu.

"Kaka Spiridon, nieleze tena mlivyosafiri."

"Yeye mbele, mimi nyuma, kama siku zote. Kulipoingia giza akanipotea. Nilisema moyoni, amekasirika kwa maneno niliyomtupia, ameniacha. Nilistahili. Ulimi hauna mfupa." Alizungumza taratibu, bila kujitetea. "Nilipofika sikumkuta. Nikadhani amekata kona kwenye njia panda ya wafuga farasi, kwa dada yake. Huwa anafanya hivyo akiwa na hasira, anakwenda kula supu ya nyama huko hadi hasira iishe. Nikamngoja. Asubuhi hakuja. Mchana nikarudi njiani."

"Na ile nafasi ya moto?"

"Ilikuwa zamu yake."

Akulina alisimama, akachukua kitu kutoka pembeni ya jiko, akasogea hadi dirishani, hatua tatu kutoka mezani. Alikiinua.

"Nimeshika nini?"

Spiridon aligeuza uso kuelekea sauti. "Maswali gani haya, Kapteni."

"Nijibu tu."

"Kofia."

Terenty, aliyekuwa kando ya mlango, alitazama sakafu.

"Sinia, basi," Spiridon alisema. "Mwanga wa dirisha uko nyuma yako, unaniumiza."

"Ni miaka mingapi sasa?"

Alijibu kama mtu anayeweka mzigo chini. "Mitatu. Mwanga naona. Vitu vikubwa naona. Barabara naijua kwa makalio, kila shimo. Na mbele kulikuwa na taa zake nyekundu, mbili. Nilikuwa nafuata hizo. Hatukuwahi kulisema, yeye na mimi. Alikuwa tu hatangulii sana."

"Siku ile taa zilizimika."

"Zilizimika. Nimekuambia, aliniacha."

"Hakukuacha." Akulina alirudi mezani, akamwekea ile ndoo bapa mikononi.

Spiridon aliipapasa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko mwili wake. Vilipita juu ya alama za meno, vikafika ukingoni, vikaupata mpini wa waya, vikasimama hapo. "Hii ni ndoo ya Nikifor. Mpini huu nimemfungia mimi." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini: "Imetoka wapi?"

"Katikati ya njia. Kilomita ya ishirini na tatu."

"Niligonga kitu," alisema Spiridon. "Nilidhani ni bonge la barafu."

Akulina angependa kuwa mahali pengine popote, lakini kazi ilikuwa yake, na akaona kwamba kuikatisha katikati kungekuwa ukatili zaidi. Akamwambia yote kwa mpangilio. Kwamba Nikifor hakumwona nyuma, akahofia ameingia msituni. Kwamba alizima injini na kushusha kioo ili amsikilize. Kwamba ndoo ilikuwa mahali pake na kamba ilikuwa imetandikwa.

"Alinisikia?" Spiridon aliuliza.

"Alikusikia. Ndiyo maana hakuogopa."

"Na nilipopita, alikuwa wapi?"

"Mbele ya lori lake. Kwenye kamba."

"Upande wangu."

"Upande wako."

Spiridon aliiweka ndoo juu ya meza, akaisukuma kidogo mbali naye, akapangusa mikono kwenye suruali. Akulina aliivuta karatasi tupu na kuanza kuandika. Aliandika kifo cha ajali, hakuna nia, mshukiwa aachiliwe leo, asiendeshe tena gari. Terenty alimletea Spiridon chai ya maziwa, akaiweka karibu na mkono wake, akaugonga ukingo wa bilauri kwa kucha ili ajue ilipo.

"Ile karatasi ya kwanza bado unayo?" Spiridon aliuliza.

"Ninayo."

"Nisomee."

"Inasema ulimsimamisha. Inasema mligombana, ukamzimia injini, ukamwacha."

"Kwa hiyo katika ile nilimwona."

Kalamu ya Akulina ilisimama.

"Tulionana uso kwa uso," Spiridon alisema. "Tukasemezana. Akajua ni mimi, na mimi nikajua ni yeye. Hiyo naweza kuibeba, Akulina. Miaka kumi na mitano naibeba. Nipe nisaini."

"Siwezi, kaka. Si kweli."

"Nani ataumia? Mafuta ni safi, Yelizar atalala. Wilaya imepata mtu wake. Dada yake Nikifor atakuwa na mtu wa kumlaani, badala ya kukaa anajiuliza. Hii yako inamfaa nani?"

"Inakufaa wewe."

"Mimi nimekuomba?"

Akulina alimaliza mstari wa mwisho, akatia sahihi yake na saa. Ile hati ya kwanza aliikunja mara mbili, akaufungua mlango wa jiko, akaitia. Ilishika moto upesi kwa sababu ilikuwa karatasi nzuri ya ofisi. Alijua kwamba amefanya sawa, na hakusikia faraja yoyote.

Saa tisa kasoro dakika tano gari la wilaya lilinguruma nje, likaachwa likinguruma. Luteni kijana aliingia na wingu lake la ukungu, mashavu mekundu.

"Muuaji yuko wapi?" aliuliza mlangoni, bila salamu. "Dereva hataki tukawie."

Alivua koti lake kubwa la manyoya, akalitundika kwenye msumari kando ya mlango, kofia juu yake, akaenda moja kwa moja jikoni kuota moto. Buti zake za sufi hazikutoa sauti.

"Luteni, soma hii kwanza," Akulina alisema, akimnyooshea karatasi.

Lakini Spiridon alikuwa amekwisha kusimama. Alijinyoosha, akafunga kifungo cha juu cha shati kama mtu anayekwenda mbele za watu, akatembea hatua nne hadi mlangoni.

"Ni mimi," alisema. "Twende." Na akaliinamia lile koti lililotundikwa msumarini, akalinyooshea mikono yake miwili, viganja juu, akangoja lifunge pingu.